Taya Lililokua Kabatini

Binti alikuwa hamsemeshi mama yake tangu daktari alipompasulia ukweli: kovu la kaakaa, alilozaliwa nalo limepasuka akashonwa utotoni, ndilo linaloshika taya la juu lisije mbele. Ndiyo maana uso wake umebonyea katikati, kidevu kimechomoza, na wenzake wanamwita Kidevu.

"Kumbe aliyeninyima uso ni mama," alisema. "Si ndiye aliyekubali nishonwe?"

Maneno gani hayo ya kumsema mzazi! Yalipomfikia, mama mtu akabaki kukonda tu, simu mkononi, akingoja japo salamu.

Shangazi, dada wa baba yake, alikuwa fundi wa meno ya bandia. Uchungu wa kumwona wifi yake akikonda ulipomzidi, mchana mmoja alimwita binti karakanani kwake amwoneshe sanamu ya plasta ya taya lake la juu, aliyoitengeneza mwenyewe binti akiwa mchanga, kabla hajashonwa. Labda akiuona ule mwanya uliopasua kaakaa lote, moyo ungelainika. Akapanda kigoda, akashusha boksi kutoka kabatini.

Lo! Boksi lilikuwa limechanika kona zote. Ndani mlikuwa na taya la plasta la ukubwa wa mtu mzima.

"Umekosea boksi, shangazi."

"Nikosee? Huu si mwandiko wangu?"

Shangazi akaipindua sanamu. Alama ya dole gumba lake, aliyoibonyeza plasta ikiwa mbichi, ilikuwepo bado. Ila nayo ilikuwa imetanuka, kubwa kuliko dole lenyewe. Vinyweleo vikamsimama.

Binti hakuogopa. Aliichukua, akaishika chini ya pua yake mbele ya kioo. Mwanya ulikuwa wazi vilevile, lakini taya lilikuwa pana, limekuja mbele vizuri, halina kovu la kulizuia.

"Ona uso wangu," akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Huyu hakushonwa. Ningeachwa tu, ningekuwa hivi."

Hapo plasta ikapumua.

Feni ilikuwa imezimwa, madirisha yamefungwa. Hewa ya baridi ilitoka mwanyani, ikampiga binti vidoleni. *Hhh-ole.* Ikakoma, ikajaribu tena. *Hhh-ole.*

"Inasema nini, shangazi?"

"Pole," akasema shangazi. "Inataka kusema pole. Hiyo P haiiwezi, mwanangu. Hewa yote inavujia mwanyani. Usingeshonwa, nawe ungehangaika hivyo hivyo."

Plasta ikajaribu tena, na tena, kwa juhudi ya kutia huruma. Binti akairudisha boksini, akaifunika kwa kitambaa. Chini ya kitambaa iliendelea. Akachukua simu yake, akapiga. Haikumaliza hata kuita mara moja, ikapokewa.

"Pole, mama," akasema.

Ilitoka safi, P na yote. Upande wa pili mama akaangua kilio. Na ndani ya boksi, kile kilichokuwa kikihangaika kikanyamaza.