Mkono Uliozidi

Kitu cha kwanza alichokiona msichana wa chai asubuhi ile ni nailoni. Ukumbi wa seneti ya chuo ulikuwa umeletewa viti vipya, vya kuzunguka, vyenye migongo mirefu kama vya wafalme, na hakuna aliyeruhusiwa kuvivua nailoni. Msajili alikuwa ameagiza ibaki mpaka siku ya mahafali, ili Waziri akija avikute vingali vipya. Basi kila profesa aliyekaa, kiti kililia kwichi. Akijigeuza, kwichi tena. Na wote, watu wazima na shahada zao, wakajifanya hawasikii.

Msichana wa chai alikuwa amesimama ukutani, nyuma ya meza ya vikombe na chupa za chai, akiuma mdomo asicheke. Jikoni walimwita Kimya. Hawakumwita kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kuitika kwa kichwa na kushukuru kwa macho, na hata akikanyagwa mguu, yeye ndiye aliyeomba radhi.

"Huyu," shangazi yake, mpishi mkuu wa chuo, alipenda kuwaambia watu, "siku ya kiama ataulizwa jina lake, naye atabaki kumwangalia malaika viatu."

Shule aliiachia darasa la tano. Baba yake alianguka kutoka kwenye paa la watu alilokuwa akiliezeka, na baada ya hapo ikawa kazi ya kumgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko. Mama alikuwa vibaruani, wadogo zake walikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na mikono iliyobaki nyumbani ilikuwa yake. Baba alipofariki, wenzake walikuwa wamekwisha kuvuka mbali, naye alikuwa amerefuka, akaona haya kubanana dawati moja na watoto. Hakuna aliyemkataza kurudi. Hilo ndilo lililomkereketa mpaka leo, kwamba hakuwa na wa kumlaumu.

Sasa, chuoni pale palikuwa na darasa la jioni. Lilianzishwa na mhadhiri wa Kitivo cha Elimu, mama mnene mwenye sauti ya kengele, ambaye wafanyakazi walimpachika jina la Mama Ubao kwa kuwa nguo zake hazikukosa chaki hata siku moja. Wafagiaji, wapishi, watunza bustani, kila aliyekatiwa masomo njiani, alikaribishwa baada ya kazi katika karakana ya zamani ya useremala. Mlinzi wa getini, mtu mwenye wajukuu, alijifunzia kusoma pale pale, na tangu hapo akawa haachi kitu. Alisoma kwa sauti mpaka maandishi ya kwenye magunia ya unga.

Kimya hakuwahi kuingia. Kila jioni alichukua ufagio akaenda kufagia kibaraza cha karakana, na kwa kufagiliwa hivyo kibaraza kile kikawa kisafi kuliko sahani. Alifagia taratibu chini ya dirisha. Alisikia desimali, alisikia majina ya mito, alisikia mlinzi akikosea na watu wakiangua kicheko, na Mama Ubao akisema, "Mcheke, lakini na wewe unayecheka simama ujibu." Midomo ya Kimya ilijibu bila sauti. Siku nyingine alipatia, siku nyingine alichemsha, na hakuna aliyejua. Alitamani hata kule kukosea. Alitamani akosee mbele ya watu, wamcheke, kisha aonyeshwe alipokosea.

Mama Ubao alikuwa akimwona. Jioni moja alitoa kichwa dirishani.

"Mwanangu, kibaraza kimetakata hicho. Mlango uko upande wa pili."

"Kesho, Mwalimu," Kimya alinong'ona, akaondoka na ufagio wake mbio kama mtu aliyefumaniwa.

Kesho hiyo aliisogeza mbele siku baada ya siku. Alijiambia kwanza apate kitenge kizuri. Kisha kwanza mvua ziishe. Alijua anajidanganya, lakini alijua pia kwamba karakana haiendi popote, nalo hilo lilimtuliza.

Asubuhi ile hakujua wajumbe wamekuja kujadili nini. Watu wa chai hawapewi ajenda. Alikuwa akimmiminia Msajili kikombe, ndipo Mhasibu Mkuu aliposimama akasoma. Ruzuku ya serikali imepunguzwa tena. Kamati ya fedha inapendekeza darasa la jioni lifungwe, na karakana ya zamani ibomolewe, ili njia ya lango kuu jipya ipite hapo kabla ya mahafali.

Chai ikafurika kisahanini.

"Binti, kikombe kimeshiba," Msajili akasema bila kumtazama.

Makamu Mkuu wa Chuo, aliyekuwa mwenyekiti, alikuwa mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Alizungusha kalamu yake kwanza.

"Ndugu zangu, mimi sipendi lango kuliko watu. Lakini wizara haitupi fedha kwa tunachofundisha. Inatupa kwa inachokiona ikishuka garini. Chuo cha jirani walijenga lango, wakaongezewa. Sisi tulimpeleka Waziri maktaba, akapiga miayo. Mlimwona."

"Basi tumjengee hilo lango, na godoro tumwekee humo humo," akasema Mama Ubao, naye mjumbe, kutoka kiti kilichokuwa mbele kidogo ya meza ya chai.

Watu wakacheka, na viti vikalia pamoja nao.

"Dada yangu, tusipandishe mori," akasema Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi, mtu wa tai na manukato. "Hiki ni chuo kikuu. Desimali za watu wazima ni kazi ya shule za msingi."

"Hao watu wazima ndio wanaokufungulia maabara yako kila asubuhi, shemeji."

"Wanafungua kwa ufunguo. Hawafungui kwa desimali."

"Kwa upande mmoja..." akaanza Profesa wa Falsafa, mzee wa mvi, na ukumbi mzima ukaguna.

Walibishana mpaka chai ikapoa vikombeni. Kimya alisikiliza kila neno. Kila aliyesema lango ni la lazima alikuwa na sababu, na sababu zenyewe hazikuwa za kipumbavu. Hilo lilimtisha kuliko kama wangekuwa wapumbavu.

Seneti ile ilikuwa na desturi yake, ya tangu chuo kianze. Kura ikitangazwa, bawabu hufunga mlango kwa ufunguo. Aliye nje haingii, aliye ndani hatoki, mpaka matokeo yasomwe. Desturi hiyo waliiweka kwa sababu wajumbe wa zamani walikuwa na mtindo wa kubanwa na haja ndogo kila hoja ngumu ilipofika. Msichana wa chai naye hutakiwa kutoka kabla ya kufungwa. Siku zote alitoka. Siku ile bawabu alimkonyeza kwamba muda umefika, lakini miguu ilimkatalia. Bawabu akadhani labda ameagizwa abaki. Ufunguo ukageuka.

"Wanaotaka darasa la jioni libaki," akasema Makamu Mkuu, "wainue mikono."

Mkono wa Mama Ubao ulipanda wa kwanza, na chaki yake. Ikafuata mingine, hapa mmoja, pale mmoja. Profesa wa Falsafa aliinua wake nusu, akaushusha, akauinua tena. Kimya alikuwa akiitazama mikono ile kama mtu anayetazama mawingu mwaka wa njaa. Mkono wake mwenyewe hakuuamuru. Uliinuka tu, kiganja wazi, kiwiko kimenyooka, kama ulivyokuwa ukiinuka darasa la tano kabla mwalimu hajamaliza swali.

Msajili alipita nyuma ya viti akihesabu kwa ncha ya kalamu. Alikuwa na mazoea ya kuhesabu mikono bila kutazama nyuso, asije akaambiwa anapendelea. Akahesabu mikono. Kisha akahesabu ya upande wa pili, akarudi mahali pake, akasoma: darasa la jioni limebaki, kwa kura moja.

Mama Ubao akapiga meza kofi moja la furaha.

Kimya akaushusha mkono wake akaukumbatia kifuani. Leo, akajiambia. Leo hii, kazi ikiisha, sitabeba ufagio. Alijiona anazunguka upande wa pili, anasukuma mlango, anakaa benchi la nyuma karibu na mlinzi, anasikia jina lake likiitwa, lile la kwao, si la jikoni.

"Mwenyekiti," akasema Mhasibu Mkuu, "kura zimezidi watu."

"Zimezidi vipi?"

"Nimejumlisha za huku na za kule. Kuna mkono mmoja hauna mwenyewe."

Ukumbi ukachafuka. Wakahesabiana, wakanyosheana vidole.

"Muulizeni Falsafa," mmoja akasema. "Huyu huinua miwili, mmoja wa ndiyo na mmoja wa hata hivyo."

Kicheko hicho hakikudumu. Mkuu wa Uhandisi alinyoosha tai yake. "Mimi simtaji mtu. Nasema tu kwamba mikono miwili niliiona upande ule. Na mmoja ulikuwa na chaki."

Mama Ubao alisimama taratibu. "Unaniita mwizi?"

"Mwalimu," Makamu Mkuu akasema kwa upole, "uliinua mikono miwili?"

"Mmoja."

"Una hakika? Moyo ukitaka kitu sana..."

"Nimesema mmoja."

Hakuna aliyemtetea. Hata waliopiga kura upande wake walitazama vikombe vyao. Uso wa Mama Ubao, uso uliozoea kucheka na wapishi na wafagiaji, ulisinyaa, akaonekana mzee ghafla.

Makamu Mkuu akafungua kanuni, akasoma kimoyomoyo, akapumua. "Kama hajitokezi mtu, matokeo yaliyosomwa yanasimama. Darasa litabaki. Lakini shutuma ya udanganyifu itakwenda kamati ya nidhamu, na jina la Mwalimu itabidi liandikwe. Sina njia nyingine."

Kimya alielewa vizuri. Akinyamaza, karakana haitabomolewa, na benchi la nyuma litamngoja. Akisema, anajinyang'anya kwa mdomo wake mwenyewe. Na kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua kuliko kazi zote duniani. Hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa tu kuwa kama alivyo siku zote.

Akamtazama Mama Ubao, aliyekuwa bado amesimama peke yake.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyesikia. Akapiga moyo konde, akainua chupa ya chai, akaitua mezani kwa kishindo.

"Mkono ulikuwa wangu."

Viti vyote viligeuka kwa pamoja, kwichi moja kubwa, na macho yote yakamwangukia. Msajili alivua miwani akaifuta, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

"Wewe, binti?" Makamu Mkuu akauliza. "Ulikuwa unapiga kura?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa kooni, lilikuwa nyuma ya meno, lakini mbele ya watu wale lilikataa kutoka. Akatazama sakafu. "Samahani," ndilo neno pekee lililopita.

"Kesho hata vikombe vitapiga kura," Mkuu wa Uhandisi akanong'ona, lakini hakumtazama tena Mama Ubao usoni.

Mkono ule ulipotolewa, kura zikawa sawa kwa sawa, na kura ya mwisho ikawa ya mwenyekiti. Makamu Mkuu aliinamisha kichwa. "Mungu ananiona," akasema, akalipigia lango kura. Bawabu akafungua mlango.

Habari chuoni pale hazikuwa na miguu, zilikuwa na mabawa. Kimya alipofika jikoni na sinia la vikombe, shangazi yake alikuwa amekwisha kuzipata.

"Wewe mtoto! Maisha yako yote husemi, siku ya kufungua mdomo unachagua seneti?" Kisha akauona uso wake, akaacha mzaha, akamshika shingo kwa mkono uliolowa maji ya vyombo. "Pole, mama. Pole."

Mama Ubao aliingia baadaye, mwenyewe, bila kubisha hodi. Akatafuta pa kukaa, akaketi juu ya gunia.

"Nisamehe, Mwalimu," Kimya akasema. "Nimekufungia darasa."

"Wamelifunga wao. Wewe umenitoa aibu, na aibu ile ningezikwa nayo." Akafuta jasho kwa khanga. "Wanabomoa wiki hii hii. Sijui watu nitawaweka wapi. Kweli sijui, nisikudanganye."

Maji yalichemka jikoni na hakuna aliyeyashughulikia.

"Ila mle ndani uliulizwa swali ukaliacha," Mama Ubao akasema. "Makamu alikuuliza ulikuwa unafanya nini. Mimi nakuuliza tena. Hapa hakuna anayeandika."

Shangazi alishika kisu, vitunguu mbele yake, asikate. Kimya alifikiri atatazama chini, lakini alikuta anamtazama Mwalimu machoni.

"Nataka kusoma," akasema. "Siku zote nilitaka kusoma."