Njia Iliyochorwa Kitini

Mchora njia alikuwa hodari wa milima ambayo hajawahi kuipanda. Nyonga ilimsumbua tangu usichana, na ngazi za ofisini kwao tu, juu ya duka la viatu, zilimtosha kumtoa jasho. Lakini mkalishe mbele ya kompyuta uone. Alifungua ramani za mtandaoni, akazilinganisha na picha za setilaiti, akabofya nukta moja baada ya nyingine, na programu ikaziunganisha kuwa njia ya kutembea kwa miguu. Kisha aliituma njia hiyo kama faili la GPS kwenye simu ya mdogo wake, naye ndiye aliyewaongoza wateja mlimani, jicho moja kwenye mawe, jingine kwenye simu.

Mdogo wake walimwita Swala. Alilipata jina hilo utotoni, kwa mbio alizokuwa akimtimulia mama yao kila beseni la kuogea lilipotoka. Mkewe, aliyemwoa juzijuzi tu, alikaa meza ya pili pale ofisini, akipokea wateja na kupanga safari.

Siku hiyo Swala alikuwa na kundi la watembeaji, mmoja wao mwalimu mstaafu. Mchana, simu ya mchora njia ikaita.

“Dada, fungua ramani.”

“Kuna nini?”

“Mstari wako unaniambia nisonge mbele. Mbele hakuna kitu. Ni genge.”

Akafungua. Pale juu, kati ya nukta mbili, mstari ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Programu ilikosa njia ya kufuata, ikaruka tu. Ndiyo inavyofanya, naye alilijua hilo vizuri. Alikusudia kuirudia sehemu ile aitengeneze; zikaja kazi nyingine, akasahau.

“Rudini mlikotoka,” alisema.

“Tumeteremka kwenye mawe yanayoporomoka. Mwalimu ameteguka mguu, hapandi tena. Na ukungu umeshuka, dada. Hata mkono wangu siuoni vizuri.”

Wifi yake alikuwa ameshasimama nyuma ya kiti. “Anasemaje?”

Mchora njia alimwomba Swala amsomee namba za mahali alipo, akaziandika kiganjani kwa kalamu, akamwonyesha wifi. Wifi akawapigia waokoaji kwa simu ya mezani. Jibu likaja upesi: helikopta haiwezi kuruka katika ukungu ule, watapanda kwa miguu, watu wasisogee.

“Mmesikia? Msisogee.”

“Mwalimu analoa, anatetemeka. Hatafika asubuhi.” Swala alikuwa akihema. “Kushoto kwangu naona vinukta kwenye ramani, vinashuka hadi bondeni. Ni njia?”

Naye aliviona kwenye kioo chake. Mtu fulani, popote duniani, aliviweka pale. Ramani zile kila mwenye kutaka huongeza lake. Alifungua picha ya setilaiti, akakuta wingu jeupe limekaa juu ya mteremko wote. Mistari ya mwinuko ilibanana kama meno ya kitana, dalili ya mteremko mkali.

“Dada. Ile njia ipo au haipo?”

Tangu aanze kazi ile hajawahi kukosa jibu. Wifi akamshika bega. “Mwambie basi.”

“Sijui,” alisema.

“Hujui?”

“Sijui, mdogo wangu. Aliyeichora simjui. Kaeni hapo hapo, nakusihi.”

“Betri inakwisha. Nipe mke wangu.”

Wifi akaipokea simu. Akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, kisha akasema, “Usiende.” Halafu akaitazama simu, kwa kuwa ilikuwa imekatika.

Alikiangalia kiti chenye mto alichokalia mchora njia. “Uliichora ukiwa umekaa hapo,” alisema, bila kupaza sauti. Mchora njia akaona afadhali angepigwa kofi.

Walikesha katika kituo cha waokoaji chini ya mlima, kila mmoja kona yake. Kulipopambazuka watu wakateremshwa: mwalimu kwenye machela, wengine wakishikana mikono. Wifi aliwapitia mmoja mmoja, akiwafunua blanketi usoni. Swala hakuwemo.

Mama mmoja wa kundi lile akaanza kulia kabla hajaulizwa. “Alisema anaijaribu yeye kwanza. Ikiwa salama atatuita. Hakutuita.”

Wifi akaketi chini, palepale kwenye tope.

Mkuu wa waokoaji akaweka kompyuta juu ya boneti ya gari. “Wewe ndiye unayesoma ramani? Mtu akiteleza kwenye vinukta hivi, anaishia wapi? Ukungu unarudi. Nina nafasi ya kutafuta mahali pamoja.”

Mchora njia aliinama juu ya kioo. Aliifuata mistari, akaona makorongo mawili. La kulia lilikuwa pana, la kushoto jembamba. Akipatia, mdogo wake huenda yu hai. Akikosea, amemzika mara ya pili. Akapiga moyo konde, akabofya la kushoto.

Walimkuta katika korongo hilo, lakini chini kabisa ya nukta iliyobofywa, kwa kuwa alikuwa amejiburuta. Alikuwa hai, midomo myeusi, paja limevunjika. Hospitali ilifanya iliyoweza. Mguu wa kushoto haukuokoka.

Aliporuhusiwa kumwona, mchora njia alisimama mlangoni. Swala alikuwa amelala, shuka limebonyea pale palipopaswa kuwa na mguu. Wifi alikuwa kando ya kitanda, macho yamevimba.

“Wifi, nisamehe.”

“Sijui kama nitaweza,” alisema wifi. “Usiniulize tena kwa sasa.” Kisha akainuka, akaukunja mkono wa gauni. “Daktari anasema ageuzwe, asije akapata vidonda vya mgongo. Peke yangu simwezi. Shika huko mabegani.”

Mchora njia akaja, akashika. Wakamgeuza taratibu, naye Swala akaguna usingizini bila kufumbua macho.