Chai ya Watu

Kyule alipima mvua ya Matiliku miaka ishirini, lakini chai yake mwenyewe ilimshinda. Figo zilipokataa kazi, alianza kusafishwa damu nyumbani na kupimiwa vinywaji, maana maji ya ziada yangebaki mwilini. Kila asubuhi alikuwa akiandika kwenye app ya simu, nesi aone, uzito wake na vitu alivyokunywa.

Jumatatu nesi Nzisa akampigia simu. "Mzee, app inasema vikombe viwili, na umeongeza kilo tatu! Umemeza mbuzi?"

"Nilitembelea watu wa kanisa, nyumba tano."

"Na chai yao?"

"Hiyo si yangu, ni ya wenyewe."

"Maji yakijaa mapafuni, mapafu hayajui ni ya nani. Ukiongeza tena, nakulaza hospitali."

Kyule akaangalia miguu imefura, akajicheka: mpima mvua mzima, mafuriko yapo mwilini mwake! Akaandika: vikombe kumi na viwili.

Jumapili, Mama Kanini wa kanisani alipoinua birika, Kyule akatoa kifuniko cha dawa ya kikohozi. "Jaza hapa, mama."