Siku Kompyuta Ilipopumzika

"Yaani mashine imevishwa maua kama bibi arusi, halafu mtoto wangu aende Bungoma kesho na vidole baridi?"

Mama Nyaruai alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani yetu Savitri, mikono kiunoni, na ploti nzima imeshatoka nje kusikiliza. Hata mimi niliacha sufuria yangu motoni.

"Si nimekuambia, Mama Nyaruai? Jana ilikuwa Diwali. Leo vyombo vya kazi vinapumzika. Msumeno, nyundo, lori, yote. Mzee wangu leo hata spana hashiki."

"Kwani kompyuta ni nyundo?"

"Inatupatia chakula. Basi ni nyundo."

Tukacheka, ila Nyaruai hakucheka. Tangu mahindi yakiwa mabichi alikuwa akijifundisha kwenye kompyuta hiyo, ya duka la mbao la akina Savitri. Mwaka huo wa tisini na mbili, mtaani kwetu Kitale hakukuwa na nyingine. Kesho yake alikuwa na intaviu Bungoma, kampuni ikitafuta karani wa kompyuta, na mamake alishasema: kazi ikikosekana, ni kurudi shamba Kiminini. Sasa siku ya mwisho ya mazoezi ilikuwa imeliwa na sikukuu.

"Sitaigusa, Auntie," Nyaruai akasema. "Naweza kukaa nayo tu?"

Savitri akamvutia kiti. Kompyuta ilikuwa imezimwa, alama nyekundu ya baraka juu ya kioo, shada la maua ya manjano limening'inia kando.

"Haya, mimi ndiye bosi wa Bungoma. Ukimaliza barua unafanya nini?"

"Nabonyeza kitufe cha F10." Kidole chake kikapiga hewa.

"Barua inaenda wapi?"

Nyaruai akatazama kioo kilichozimwa. "Si inabaki hapo kwa kioo?"

"Na stima ikipotea?"

"Auntie, mimi hufanya tu. Sijawahi kujiuliza."

"Ati hajui!" mamake akadakia kutoka mlangoni. "Na vile alikuwa anatuzimia redio ati anasoma!"

Nyaruai akajivuta mbele kitini. Nilimwona akivikalia vidole vyake, visije vikajibu badala yake. Akatazama nje uani, kwenye mahindi tuliyoanika, na wingu lililokuwa likija kutoka upande wa Elgon.

"Siku ile stima ilipotea," akasema polepole, "nusu ya barua yangu ilienda. Ile nusu nyingine niliyokuwa nimeibonyezea F10 ikarudi. Basi kwa kioo ni kama mahindi kwa turubai. Unaiona, ni yako, lakini mvua ikija haikuulizi. F10 ni kuingiza ghalani. Na ghala ni diski."

Savitri akalinyoosha shada la maua. "Bosi wa kweli atauliza lingine."

"Najua. Na nisipolijua nitafikiria hapo hapo mbele yake. Sitapiga hewa tena."

Mikono ya Mama Nyaruai ilikuwa imeshuka kutoka kiunoni. Alikuwa amekuja kugombana, na sasa kugeuka aondoke hivi hivi mbele yetu sote kulikuwa kugumu.

"Mama Nyaruai," Savitri akaita, akifunua sinia la mikate ya puri na viazi, "unasimama hapo kama askari wa benki kwa nini? Vua viatu, ingia tule. Na hao masikio walio nyuma yako, waambie waje na vikombe."