Kamera ya Houssein Inaangalia Katikati

Mzee Egidius wa Buraza alikataa picha za simu. Alisema simu inawapaka watu poda. Kabla ya kutoa ng'ombe wa mahari alitaka kumwona binti yangu Vumilia kwenye picha ya karatasi, amesimama na mchumba wake Manase, mwana wa mzee huyo, maana mguu mbovu haukumruhusu mzee kufika kwetu Mwakiro. Asipomkubali, harusi hakuna.

Manase akamleta Houssein, mpiga picha wa Yoba, na kamera yake ya filimu inayojiendesha yenyewe. Kanisani kwetu wachumba hawagusani kabla ya baraka, kwa hiyo nikawasimamisha na nafasi ya kupita mtu katikati.

"Mama, waache wakaribiane kidogo," Houssein akasema. "Hii mashine iko inaangalia katikati tu."

"Basi wewe iambie iangalie pembeni."

"Ile ya marehemu baba, mi nilikuwa nazungusha na mkono. Hii inajizungusha. Inanipunguzia kazi, lakini haisikii mtu."

"Tutaiombea," nikasema, na nikaiombea kweli.

Picha ilipofika Buraza, mzee akapiga simu. Watoto walikuwa kama moshi. Kati yao, kule nyuma, ng'ombe wangu alionekana mpaka kope.

"Mama Vumilia, ng'ombe mzuri hivi mnaye, mwingine mnamtakia nini?"

Vumilia alilia mpaka chakula kikapoa. Houssein akarudi. Ng'ombe nikamfunga nyuma ya nyumba, na kwa kuwa kamera ilitaka kitu cha katikati, nikasimama mimi, Biblia kifuani, watoto huku na huku. Mwanga ukatupiga machoni. Halafu kamera ikaanza kunguruma.

"Inafanya nini?"

"Iko inarudisha filimu. Imeamua imeisha."

"Imeamua yenyewe? Na wewe je?"

"Mi kibarua yake tu, Mama."

Safari hii mzee alipopiga simu hakuuliza habari za ng'ombe wangu.

"Huyu wa katikati nimemkubali. Anajua kusimama. Natoa ng'ombe wawili. Ila hao moshi wa pembeni ni watoto wake?"

"Baba Manase, huyo ni mimi!"

"Ndiyo, nimekukubali!"

Vumilia akanikazia macho. "Kwa hiyo Manase sasa ni kaka yangu?"

Nikajifunga kitenge, tukaenda Buraza wote watatu. Mzee alikuwa kwenye kiti mlangoni. Nikawasimamisha watoto mbele yake, nafasi ileile katikati, mgomba wa uani nyuma yao. Akavaa miwani, akatazama, akakunja uso.

"Naona mgomba," akasema. "Bibi harusi yuko wapi?"

Nikainua macho juu, nikamwomba Bwana anisamehe. Kisha nikauchukua mkono wa binti yangu, nikautia mkononi mwa Manase, nikawasukuma mpaka mabega yakagusana.

"Eee! Kumbe yuko hapa! Na ni mzuri! Ng'ombe mtampata."

"Asante, Baba. Haya, watoto, achaneni."

"Hapana, usiwaguse," mzee akasema. "Wakiachana nitawapoteza tena."