Pasi Inayotaka Kujilipa

Usiku wa jana niliota nimekaa kwenye treni ya mlimani, na picha yangu mwenyewe ilikuwa inanisema.

Picha yenyewe ni ya pasipoti saizi, yenye mandhari ya bluu, niliyopiga miaka minane iliyopita nikiwa bado na mashavu. Ilikuwa imebandikwa kwenye pasi ya treni, nami nimeivaa shingoni kwa kamba kama mtu aliyekuja kwenye semina.

"Kaa wima," ikaniambia. "Watu watadhani hatufahamiani."

Lazima nieleze pasi hiyo ilikotoka, kwa sababu nililala nimevimba kwa hasira juu yake. Mume wangu, Baba Godi, alirudi jana na kipeperushi. Pasi ya Milima: siku tano, treni zote ndogo za kule kwetu mlimani, safari bila kikomo, na kiberenge, kile kigari cha reli cha kupanda kileleni, nusu bei. Akakaa mezani na kalamu mpaka chakula kikapoa. Jibu alilopata ni kwamba pasi inajilipa safari ya saba. Chini ya hapo ni hasara. Kuanzia ya nane unapanda bure.

"Mama Godi, wewe ndiye mwalimu wa hisabati," alisema. "Nikosoe."

Nilishindwa kumkosoa. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera.

Mimi nina siku tano tu kabla sijaitwa kusahihisha mitihani. Mama yangu yuko mlimani, ana miaka themanini na mmoja, na kila Desemba nikimpigia simu ananiambia maneno mawili: njoo ukae. Miaka kumi na moja naenda, na sijawahi kukaa. Kwetu, Desemba ukionekana kwa shangazi lazima uonekane kwa mjomba, na usipoonekana kwa mjomba utasemwa mpaka Pasaka. Mwaka jana nilikaa na mama dakika ishirini, na kumi kati ya hizo alikuwa anatafuta miwani.

Basi, treni inapanda. Nje migomba inapita. Kondakta anaingia, naye ni mbuzi. Ni beberu wa makamo, koti la kazi limemkaa vizuri kuliko linavyowakaa wengi, na kwenye kwato ameshika kile kidude cha kutobolea tiketi.

Nikamwonyesha pasi. Akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Alikuwa," anasema mbuzi, kisha anatoboa tundu. "Safari ya kwanza. Zimebaki sita ijilipe. Kabla ya hapo hushuki moja kwa moja."

"Mbona imeandikwa safari bila kikomo?"

"Ndiyo. Na wewe unataka kuiwekea kikomo."

Nikamuuliza yeye mwenyewe anatafuta nini mlimani mwezi huu. Akavua kofia, akaikunguta.

"Mama, wewe umezaliwa huku. Unajua Desemba tunafanywa nini huko majumbani. Mimi nina pasi mwaka wa tisa sasa. Tarehe ishirini napanda treni, tarehe mbili Januari ndiyo nashuka. Kwangu mimi ilijilipa siku ya kwanza, kabla ya chai."

Kila mtu na hesabu zake.

Treni ikasimama, na bila mimi kuinuka, behewa likawa uwanja wa Shangazi Anasia, dada wa marehemu baba. Kuna turubai, kuna viti vya plastiki, kuna sufuria zinatokota nyuma ya nyumba. Shangazi anakuja amefunga khanga kiunoni, macho mekundu.

"Poleni, shangazi. Nani ametutoka?"

"Kisingizio chako cha nauli," anasema. "Amekutwa leo asubuhi, amelala chali."

Jeneza lilikuwa na ukubwa wa boksi la viatu. Nikachungulia, nikamkuta yeye kabisa, mwembamba, amevaa suti ile ile. Huyu alitumikia ukoo wetu tangu enzi za babu. Hakuwahi kuitwa akakataa. Ukipiga simu ukasema, "Shangazi, mwaka huu nauli imetushinda," yeye alikuwa ameshafika kabla yako, amekaa, ameomba maji ya kunywa. Shingoni alikuwa na alama ya kamba. Nikaitazama pasi yangu. Picha ikaangalia pembeni.

Mchungaji akaniomba nisome wasifu wa marehemu. Nikasimama nikasoma kwamba marehemu aliniokoa na vipaimara vitatu, harusi mbili za watu nisiowajua, na mnada mmoja wa kanisa ambako ningenunua kuku niliyemleta mwenyewe. Watu wakalia kwa uchungu wa kweli. Nadhani wengi walikuwa wamewahi kumtumia.

Tulipomaliza kumzika, Shangazi akajifuta uso, akanishika mkono.

"Sasa nauli unayo. Kwa mjomba wako Ndetaramo unafika saa ngapi?"

Nikajikuta treni imeondoka nami. Tundu la pili. Kwa mjomba Ndetaramo nikapewa sahani ya nyama na swali kwa nini nimekonda. Tundu la tatu. Kwa binamu nikapewa sahani ya nyama na swali kwa nini nimenenepa. Tundu la nne, kwa mtu ambaye hata yeye hakujua tuna undugu gani, lakini alikuwa ameshanipakulia.

Na kati ya kituo na kituo, reli inapita mbele ya baraza la mama. Inapita karibu hasa, mpaka behewa linagusa kamba yake ya nguo. Mama amekaa kwenye kigoda, beseni liko mbele yake, na pembeni kuna kigoda kingine kitupu.

Mara ya kwanza akainua kichwa, akaniita kwa jina langu. "Aichi, umeku..." na treni ikapita.

Mara ya pili akawa amejiandaa mapema. "Nimekutandikia kile kitan..." na treni ikapita.

Mara ya tatu alikishika kile kigoda kitupu, akakifuta vumbi kwa upindo wa khanga. Hapo roho iliniuma, na baada ya kuniuma ikawaka. Nikasema kwa sauti, behewa zima lisikie, kwamba mimi si gunia la mahindi la kupitishwa mbele ya mama yangu.

"Tulia," ikasema picha. "Ya tano ni kileleni, nusu bei. Hapo ndipo tunapookoa sana."

Kileleni tukakuta mlima umefunikwa turubai la bluu upande mmoja, kuanzia kwenye theluji mpaka kwenye msitu. Mlinzi amesimama na ngazi.

"Nusu bei, nusu mlima," anasema. "Ile nusu nyingine ni ya wenye tiketi kamili. Usichungulie."

"Hata mimi sijapenda," ukasema mlima. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama ya mtu aliyeamshwa mapema. "Waliufunika upande wangu mzuri."

"Samahani," nikauambia, "lakini mimi sikuja kukutazama wewe."

"Najua. Wewe ni wa yule bibi wa chini pale, mwenye vigoda viwili. Yeye hunitazama kila asubuhi, pande zote, na sijawahi kumtobolea tundu hata moja."

Nikarudi kwenye treni bila kuaga. Mbuzi akatoboa la tano nikiwa napanda na la sita nikiwa nakaa.

"Imebaki moja!" picha ikapiga kelele. Ilikuwa inatokwa jasho kwenye ile bluu. "Moja tu, kwa baba mdogo, halafu inajilipa! Ukishuka sasa ni hasara!"

"Basi iwe hasara."

"Wewe! Mwalimu wa hisabati!"

"Ndiyo, mwalimu wa hisabati. Miaka ishirini na mbili nasahihisha. Mwanafunzi akiniletea jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa, namwekea sifuri, kwa kalamu nyekundu, na sipokei rufaa. Sikuulizwa nitapanda treni mara ngapi. Niliambiwa njoo ukae."

Juu ya dirisha kuna mpini mwekundu: VUTA IWAPO KUNA DHARURA. Nikauvuta kwa mikono miwili. Treni ikasimama vizuri kabisa, mbele ya baraza, kama iliyokuwa inasubiri kuambiwa. Mbuzi akaja na fomu.

"Dharura gani? Moto?"

"Hapana."

"Ng'ombe relini? Abiria anajifungua?"

"Mama."

"Mama ana nini? Anaumwa?"

"Haumwi. Yupo."

Mbuzi akaipitia fomu juu mpaka chini, akageuza na nyuma. "Kuwepo hakumo kwenye orodha."

"Ana miaka themanini na mmoja," nikamwambia. "Kuwepo kwake ndiyo dharura yenyewe. Andika hivyo, na kama hakuna nafasi, andika pembeni."

Akafikiri. Kisha akaikunja fomu mara mbili, akaitia mdomoni, akatafuna polepole mpaka ikaisha.

"Bila fomu hakuna faini," akasema. "Shuka, mama. Ningekusindikiza, lakini unajua mwezi wenyewe."

"Najua, baba. Ubarikiwe."

Nikavua pasi, nikaitundika kwenye pembe lake la kushoto. Picha haikuamini.

"Unaniacha?"

"Nenda kwa baba mdogo. Msalimie. Wewe ndiye unayefahamika huko."

Nikashuka. Kwenye madirisha ya treni ndugu wote walikuwa wametoa vichwa, kila mmoja na sahani yake. Shangazi Anasia akapaza sauti kuliko wote. "Na mjomba wako wa Kibosho je, hujamwona miaka mitatu!"

"Mjomba ana miguu!" nikajibu. "Na mlango wa mama yangu anaujua!"

Sijawahi kumjibu shangazi hivyo maishani mwangu. Nilingoja ardhi ipasuke, haikupasuka. Treni ikaondoka na kelele zake, na baraza likawa kimya, kuku mmoja tu anaparura.

Mama hakuinuka.

"Umekuja kukaa," akauliza, "au umekuja kuaga?"

"Nimekuja kukaa."

"Haya."

Akalisogeza beseni katikati yetu. Lilikuwa limejaa ndizi mbichi. Akanipa kisu, kile chenye mpini uliofungwa kitambaa, tukaanza kumenya. Hakuniuliza habari za kazi, wala sikumuuliza habari za miguu. Alinihadithia kuhusu jirani yake mpya anayefagia uwanja saa kumi na moja alfajiri kama anayetafuta sindano. Tukacheka. Akarudia hadithi hiyo hiyo tangu mwanzo, nikaisikiliza tena yote, maana sikuwa na pa kwenda. Jua likasogea. Ni ndizi ngapi tulimenya siwezi kusema, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuhesabu kitu.

Nilipotaka kujifuta, akanipiga kofi dogo la mkono.

"Usijifute kwenye gauni, Aichi. Utomvu hautoki."

Nikaamka. Palikuwa pamekucha, na Baba Godi amesimama karibu na kitanda, simu mkononi.

"Mama Godi, mwisho wa kulipia ni saa nne. Tunachukua pasi au hatuchukui?"

Nilitaka kumjibu, lakini vidole vyangu vilikuwa vimenatana. Nikaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa vyeusi, mpaka ndani ya kucha, vimekauka ule ukavu unaovuta ngozi. Nyumbani kwetu hatujapika ndizi tangu Oktoba. Nikaenda kunawa kwa sabuni, nikajaribu limau, nikajaribu mafuta ya taa. Baba Godi akanifuata mpaka kwenye sinki, akaushika mkono wangu, akaunusa.

"Umemenya ndizi saa ngapi wewe?"

"Bado sijamaliza," nikamwambia. "Nikatie tiketi moja, ya kwenda."