Hodhi la Mama Perez

Fundi Masinde alisema shawa. Alisema hivyo kabla hajaingia bafuni, akiwa bado mlangoni anavua viatu, kama daktari anayekuandikia dawa ukiwa bado kwenye foleni. Nikamwambia kwamba watu wa kwao Bungoma wanapenda shawa kwa sababu wamezoea kunyeshewa. Alicheka, akaingia, akapima kuta kwa hatua na viganja, akatoka na neno lile lile.

Bafu lenyewe halikuwa kitu cha kumwonyesha mgeni. Chumba cha saruji, hatua tatu kwa mbili, tundu la maji machafu kwenye kona na msumari wa kutundikia taulo. Tangu nihamie mtaa huu wa Migosi, Kisumu, nilikuwa naogea humo kwa beseni, nimechutama, najimwagia maji kwa kikombe cha bati. Mwanamume wa peke yake hana haja ya zaidi. Lakini mwaka ule wa themanini na tisa mke wangu Lornah alikuwa ametuma neno kwamba baada ya palizi atakuja aione nyumba. Akiipenda, atakaa.

Usidhani ni jambo dogo. Tulikuwa na miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na ukijumlisha siku tulizolala chini ya paa moja, sidhani zinafika miaka minne. Mimi nilikuwa mhudumu wa melini, natandika vitanda vya wasafiri na kupeleka chai. Yeye alikuwa nyumbani karibu na Luanda Kotieno, analea watoto na kumtunza mama yangu. Kila likizo nilimwomba aje mjini, na kila likizo kulikuwa na sababu. Mtoto ananyonya. Ng'ombe anakaribia kuzaa. Mama hawezi kuachwa. Sababu zote zilikuwa za kweli, ndiyo maana hatukuwahi kugombana. Hakukuwa na wa kulaumiwa. Kisha mama akafariki, Perez, kitinda mimba wetu, akaolewa Nakuru, nami nikastaafu nikiwa na nyumba ya vyumba viwili na kitanda kipana ambacho godoro lake lilikuwa limebonyea upande mmoja tu.

Wenzangu walipostaafu walirudi kwao. Mimi nilijaribu, nikakaa miezi miwili. Mbwa wangu mwenyewe alinibwekea kila asubuhi hadi siku ya kuondoka. Nilipalilia mahindi nikayakata pamoja na magugu. Lornah aliupokea mpini wa jembe taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Nikarudi Kisumu, nikafungua kibanda cha chai pale sokoni Kibuye, kazi ninayoijua.

Sasa, kuhusu hodhi. Melini, kwenye daraja la kwanza, kulikuwa na hodhi la kuogea, jeupe, refu kama kitanda. Nililisugua miaka ishirini na miwili na sikuwahi kuingiza hata kidole cha mguu. Wakubwa waliingia humo wakiwa wamekunja uso kwa sababu ya mawimbi, wakatoka baada ya nusu saa wakiwa na sura ya mtu aliyewasamehe wote waliomkosea. Niliiona sura hiyo mara nyingi, nimesimama kwenye ujia na taulo mkononi. Nilitaka kuiona kwa Lornah.

Masinde alinipinga kama wakili. Alisema maji ya Migosi hayana nguvu ya kujaza sufuria, sembuse kitu kile. Pipa moja juu ya paa, bomba moja, kichwa cha shawa, kazi ya siku mbili na mtu anaoga kwa ndoo moja. Hodhi linataka ndoo kumi. Na mama mtu mzima, akasema, atapandishaje mguu juu ya ukuta wa hodhi? Nikamwambia mke wangu anapanda mtumbwi tangu hajaota meno.

Niliwauliza watu. Metrine, jirani yangu anayeuza maandazi, alisema shawa, maana maji yakishapita yamepita na uchafu wako, hukai ndani yake kama muhogo uliorowekwa. Gordon wa kanisani alisema vyote viwili ni majivuno. Wateja kibandani waligawanyika, wakabishana wiki nzima, chai ikauzika. Mtu mmoja tu sikumuuliza, naye ndiye angeoga. Haikunijia. Nilikuwa naliita zawadi, na zawadi huulizi.

Hodhi nililipata mtaa wa Milimani, kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa. La chuma, lina miguu minne iliyopinda kama ya simba. Wanaume wanne walilileta kwa mkokoteni, na nusu ya Migosi ikatufuata nyuma. Nikawaambia nimechoka na biashara ya chai, huu ndio mtumbwi wangu, naanza uvuvi Jumatatu. Mlango wa bafu ulikataa, ikabidi tuvunje fremu. Masinde alilaza saruji, akaunganisha bomba la kutolea maji, akapaka kuta rangi ya samawati, na muda wote huo akinung'unika jina la shawa kama mtu aliyefiwa nayo. Tulimaliza Alhamisi. Lornah alifika Jumamosi.

Alishuka kwenye basi na sanduku, vikapu viwili na mkeka uliokunjwa. Nikamtania kwamba kumbe amekuja kufungua duka. Akatabasamu, akasema ni vitu vyake tu. Nyumbani alizunguka vyumba vyote viwili, akagusa kuta, akafungua dirisha, akalifunga. Kitanda alikitazama, hakukikalia. Masinde alikuwa amejileta kusikiliza kazi yake ikisifiwa, na Metrine alikuwa kwenye baraza letu na jiko lake, anapasha maji ya mwisho. Mabomba yalikuwa yamekauka tangu Ijumaa, kwa hiyo nilikuwa nimebeba maji kwa ndoo kutoka kwa mtu mwenye tangi, nikayapasha kwenye majiko mawili, nikajaza hodhi hadi nusu. Mvuke ulijaa mle ndani kama melini kabisa. Nikampa taulo jipya na sabuni ya harufu. Akaingia, akafunga mlango, nikasikia komeo.

Tukakaa nje kwenye benchi, mimi na Masinde, Metrine akipepea makaa. Nilikuwa nimetega sikio. Hakukuwa na sauti. Sijui nilitarajia nini. Hata melini hakukuwa na sauti. Ila Lornah simjui hivyo. Kule kwetu, jioni akienda kuoga, hata ukiwa juu kwenye boma unajua yuko wapi. Akina mama wana mahali pao ziwani, nyuma ya mawe na matete, na mwanamume akipita njia ile hukohoa kutoka mbali na kuzunguka. Hukaa majini kwa mstari, kila mmoja na mgongo wa mwenzake mbele yake, jiwe la kusugulia mkononi, na hapo ndipo habari zote za kijiji huoshwa. Mgongo wa Lornah ni wa Dorca, mjane wa ndugu yangu. Umekuwa wake tangu mtoto wetu wa kwanza. Haya yote nayajua kwa kusikia tu, kama mwanamume yeyote wa pwani ile. Nilikuwa nayajua hata siku ile. Kujua hakukunisaidia.

Alitoka baada ya robo saa. Amevaa, amejifunga leso, miguu ina maji. Sura yake haikuwa ya mtu wa daraja la kwanza. Ilikuwa sura ya mtu aliyetoka ofisini alikoambiwa asubiri. Akaketi kwenye kigoda, akampongeza Masinde kwa rangi, akamshukuru Metrine kwa maji moto. Akajipaka mafuta miguuni, polepole. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, lakini hakuna aliyekosa kuisikia:

“Baba Perez, na mgongo wangu atanisugua nani?”

Alikuwa ananitazama mimi. Hakumtazama Metrine, ambaye ni mwanamke mwenzake. Metrine naye aliacha kupepea. Kulikuwa na nafasi pale, kama ile mtu anayokuachia kwenye benchi akisogea kidogo bila kusema keti. Mtu mwingine yeyote angeketi. Lakini mimi nimelishwa na mzaha miaka yote hiyo. Ukiwa mhudumu, bakshishi na salama yako viko kwenye kuwachekesha watu, na mdomo hujifunza kukimbia mbele yako.

“Nitakununulia brashi yenye mpini mrefu,” nikasema, “kama ile ya kusugulia sitaha.”

Masinde alicheka hadi akashika ukuta. Metrine alicheka. Lornah pia alicheka, akiwa amechelewa kidogo, mkono mdomoni. Halafu akaniuliza unga naweka wapi.

Alikaa siku nne. Alipika, alifua mapazia, alishinda kibandani siku moja na wateja wakampenda kuliko mimi. Hodhini hakurudi. Niliona asubuhi kwamba anaweka beseni sakafuni, kando ya hodhi, anachutama na kujimwagia maji kwa kikombe changu cha bati. Usiku tulilala kila mtu ukingoni mwake kama abiria wawili wasiojuana. Nilimsimulia vituko vya melini, akacheka penye kuchekesha. Jumatano alisema maharage yanamngoja. Nikamsindikiza stendi na sanduku, vikapu na mkeka. Nikamtania utingo ambebe mama kwa adabu, ni mke wa nahodha. Basi lilipoondoka nikaendelea kumpungia mkono utingo, maana dirisha la Lornah lilikuwa upande wa pili.

Basi hilo hodhi likawa tangi la mtaa. Maji yakija usiku nalijaza, yakikatika akina mama wanakuja na ndoo. Kwa nusu saa nyumba inajaa kanga na kelele, mmoja anauliza huyu simba wako wa chuma tumlipe nini, mwingine anasema mzee huyu angetafutiwa mke mdogo. Nawajibu wote. Halafu ndoo ya mwisho inatoka, mlango unafungwa, na nasikia redio ya jirani kupitia ukutani kana kwamba ni yangu.

Mwezi wa tisa, Jumapili moja mchana, nilipasha maji nikaingia mwenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani. Ni kweli, mwili unakuwa mwepesi. Nikajisugua nilikofikia. Kuna mahali katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega, mkono wa kulia haufiki, na wa kushoto haufiki. Nilijaribu kutoka juu, nikajaribu kutoka chini. Nikaacha. Nikakaa tu maji yakipoa, magoti nje kama visiwa viwili, na hapo nikasema kwa sauti, “Mimi. Nitakusugua mimi.” Kuta za saruji zikanirudishia maneno yangu. Yalikuwa rahisi hivyo. Maneno matatu, manne, na hayakuchekesha hata kidogo.

Desemba nilifunga kibanda nikaenda nyumbani. Njia nzima, kupita Kombewa na kuendelea, nilikuwa nayarudiarudia maneno yale kama mtoto aliyetumwa dukani. Jioni Lornah alichukua jiwe na sabuni akateremka ziwani na Dorca. Nikabaki uani. Baada ya muda nikawasikia wakicheka huko chini. Nilijua kicheko chake katikati ya vile vingine, kirefu, hakikuchelewa.

Akarudi, nywele zina maji, akaanza kuanika leso kwenye waya. Nikasimama upande wa pili wa leso.

“Ningekusugua mimi,” nikasema.

Hakuniuliza nazungumzia nini. Miezi sita ilikuwa imepita na hakuuliza. Alinyoosha pindo la leso hadi likawa sawa.

“Ungesema siku ile,” akasema. “Nilikuwa nimeshagawa kuku.”

Kwetu mwanamke akienda matanga ya siku tatu, huomba mtu amlishie kuku wake. Hata akienda kumwona binti yake Nakuru mwezi mzima, huomba. Kuwagawa ni kitu kingine. Anayegawa kuku anafunga nyumba. Na kumbe Lornah alikuwa amempa Dorca kumi na wanne, na jogoo, asubuhi ile ile aliyopanda basi na mkeka wake. Aliporudi baada ya siku nne ilibidi aende kuwaomba, mchana, watu wakimwona. Dorca alikuwa ameshauza baadhi, na wengine amewapikia wageni. Alirudishiwa watano. Alinieleza haya bila hasira, kama anayeeleza mvua ilivyonyesha.

Leso ilikuwa imetulia kati yetu, na juu yake niliona macho yake, yananitazama tena. Nafasi ilikuwepo. Ndogo kuliko ile ya Migosi, lakini ilikuwepo, niliiona waziwazi. Nikatafuta neno. Nilikuwa nalo njia nzima.

“Hao watano,” nikasema, “wanataga?”

“Wawili tu,” akasema Lornah, akachukua beseni lake, akaingia jikoni.